Tunamwita nani shahidi? Swali kwa makanisa ya Kasongo na Kabambare

Tarehe 18 mwezi wa nane 2024, ndugu zetu Wakatoliki walijaa katika mji wa Uvira. Siku hiyo Kardinali Fridolin Ambongo aliwatangaza kuwa wenye heri watu wanne waliouawa Baraka na Fizi tarehe 28 mwezi wa kumi na moja 1964, wakati wa uasi wa Simba, ambao wazee wetu wanauita vita vya Mulele. Watatu walikuwa wamisionari kutoka Italia: Luigi Carrara, Giovanni Didonè na Vittorio Faccin. Wa nne alikuwa padri wa kwetu, Albert Joubert. Kabla mwaka haujatimia, tarehe 15 mwezi wa sita 2025, kijana wa Goma, Floribert Bwana Chui, alitangazwa vilevile huko Roma.

Fizi na Kabambare zinapakana, na familia nyingi zina watu pande zote mbili. Kwa hiyo habari hizi zilifika upesi katika makanisa yetu, na maswali yakafika pamoja nazo. Tumeyasikia katika mafunzo ya wazee wa kanisa, tumeyasikia kwa vijana nje ya kanisa baada ya ibada. Swali la kwanza linaulizwa wazi: sisi Waprotestanti, mashahidi wetu wako wapi? La pili linaulizwa kwa sauti ya chini: Wakristo wanachinjwa kule Lubero na Ituri, nasi tutaendelea kukaa na Waislamu hapa kana kwamba hakuna kitu?

Maswali haya mawili yanakutana katika neno moja, shahidi. Neno hilo likishikwa vizuri linaweza kulijenga kanisa. Likishikwa vibaya linaweza kuchoma nyumba za watu Kasongo. Ndiyo sababu tunaandika.

Neno linalobebeshwa mengi

Katika nchi yetu neno hili linatumika kila mahali. Tarehe 4 mwezi wa kwanza ni sikukuu ya mashahidi wa uhuru, kwa ukumbusho wa waliokufa Léopoldville mwaka 1959. Uwanja mkubwa wa mpira wa Kinshasa unaitwa Uwanja wa Mashahidi wa Pentekoste, na wengi wanadhani ni habari ya kanisa. Kumbe wanaokumbukwa pale ni wanasiasa wanne walionyongwa hadharani kwa amri ya Mobutu mwezi wa sita 1966. Siku hizi kijana akifa vitani na bunduki mkononi, wenzake nao wanamwita shahidi. Hatuwakatazi watu kuwaheshimu wafu wao. Tunasema tu kwamba kanisa lina maana yake ya neno hili, na halina ruhusa ya kuipoteza.

Katika Kigiriki cha Agano Jipya, shahidi ni mtu anayesimama mbele ya baraza na kusema alichokiona na kukisikia. Mitume waliitwa mashahidi wakiwa bado hai, wanakula, wanatembea, wanahubiri. Stefano alitoa ushahidi wake kwanza, mawe yakafuata. Na alipokuwa anaanguka aliwaombea waliomrushia mawe. Kwa hiyo tunapomtafuta shahidi, hatuanzi kwa kuuliza alikufa namna gani. Tunauliza alisema nini kwa maisha yake, na alikuwa na moyo gani kwa waliomuua.

Kanisa la zamani lilikuwa na uangalifu katika jambo hili. Habari ya kifo cha Polikarpo wa Smirna, katika karne ya pili, inamtaja pia mtu mmoja aliyejipeleka mwenyewe kwa wakuu ili auawe, halafu akaogopa wanyama na kumkana Kristo. Waandishi wa habari ile walisema wazi kwamba hawamsifu mtu anayejitafutia kifo. Polikarpo hakujipeleka. Walimfuata, akawapa chakula waliokuja kumkamata, akaomba muda wa kusali.

Majirani zetu

Tukiwatazama wale wanne wa Baraka na Fizi kwa kipimo hicho, hatuna haja ya kuogopa kwamba walikuwa Wakatoliki. Faccin aliuawa Baraka. Carrara alipoamriwa apande gari pamoja na waasi, alikataa kumwacha mwenzake, akapiga magoti karibu na mwili wake, naye akauawa palepale. Jioni ya siku hiyo zamu ikawa ya Fizi, kwa Didonè na Joubert. Albert Joubert alikuwa mtoto wa mama Mkongo na Kapteni Joubert, askari Mfaransa aliyebeba bunduki kuvilinda vijiji vya kando ya ziwa Tanganyika dhidi ya washika watumwa. Baba alilinda kwa silaha, mtoto alikufa bila silaha. Mtu anaweza kukaa na jambo hilo muda mrefu katika sala.

Floribert naye ana neno kwa wilaya zetu. Alikuwa na miaka 26, mfanyakazi wa ofisi ya serikali inayokagua bidhaa mpakani Goma. Alikataa kupitisha chakula kilichooza, akakataa na pesa za kumnyamazisha. Mwezi wa saba 2007 alitekwa na kuuawa. Hakuna aliyemuuliza kama anamkana Kristo. Waliomuua walimtaka akubali watu wale sumu, na yeye kwa ajili ya Kristo hakuweza. Kwetu, ambako dhahabu ya Namoya na Salamabila imeleta vizuizi vingi njiani na pesa nyingi za kupitisha chini ya meza, mkristo wa Kabambare ana nafasi ya kuwa shahidi hata leo, bila kusubiri panga. Na tusidanganywe na majina. Kundi lililowatesa watu wa Salamabila miaka mingi linaitwa Malaika.

Wengine watasema: lakini sisi hatuombi watakatifu. Ni kweli, na hatubadilishi. Mpatanishi ni mmoja, Yesu Kristo. Lakini Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, katika kifungu cha 21, halikufuta ukumbusho. Linafundisha kwamba watakatifu wakumbukwe ili imani yetu iimarishwe na tufuate mfano wao, ila wasiombwe msaada. Mwandishi wa Waebrania naye anatuagiza kuwakumbuka viongozi waliotuhubiri Neno na kuutazama mwisho wa mwenendo wao. Tumekataa kuwaomba, tukafika hadi kuwasahau. Hayo ni mambo mawili tofauti.

Wenye majina na wasio na majina

Je, Waprotestanti hatuna mashahidi? Tunao tangu mwanzo wa Matengenezo. Wawili wa kwanza, Hendrik Vos na Johannes van Esschen, walichomwa moto Brussels tarehe 1 mwezi wa saba 1523, katika mji uleule ambako baadaye watu walikaa kuiamua Kongo. Huko Namugongo, Uganda, mwaka 1886 Waanglikana na Wakatoliki walichomwa katika moto mmoja. Kwa upande wetu wa Kongo, mwezi wa kumi na moja 1960 wamisionari Wapentekoste Edmund Hodgson na Elton Knauf waliuawa kaskazini ya Katanga. Tarehe 24 mwezi wa kumi na moja 1964, siku nne kabla ya mauaji ya Baraka, daktari Paul Carlson, aliyekuwa akitibu wagonjwa Wasolo, alipigwa risasi Kisangani, waasi wakiwa wamemsingizia kuwa mpelelezi.

Angalieni majina hayo. Karibu yote ni ya wageni. Wageni walikuwa na mashirika nyuma yao, na familia zilizoandika barua, na watu wa kuchapisha vitabu. Lakini ni nani aliyewabebea mizigo? Ni nani aliyewaficha? Ni nani aliyebaki na kondoo wakati wageni walipoondoka? Walikuwa mashemasi, waevanjelisti, walimu wa shule za msituni na mama zetu. Katika vita vya Mulele, na tena katika vita vilivyoanza 1996 na 1998, kusini ya Maniema watu wa kanisa waliuawa pamoja na wengine wengi. Majina yao yanakaa vichwani mwa wazee. Aliyekuwa na miaka 15 mwaka 1964 leo amepita miaka 70. Kila tunapomzika mzee wa namna hiyo, tunazika kitabu.

Kwa hiyo kijana anayeuliza mashahidi wetu wako wapi, jibu la kweli ni hili: wapo, lakini hatujawaandika. Kosa hilo ni letu sisi wachungaji kwanza.

Damu isiyoomba kisasi

Tuje kwenye swali la sauti ya chini. Tarehe 15 mwezi wa kwanza 2023 bomu lililipuka katika ibada ya jumapili ya kanisa la CEPAC huko Kasindi, likaua watu zaidi ya 10. Mwezi wa pili 2025 miili ya watu wengi, taarifa zilisema karibu 70, ilikutwa katika kanisa la CECA 20 huko Kasanga, Lubero. Mwezi wa saba mwaka huohuo ikawa Komanda, waamini wakiwa katika mkesha, zaidi ya 40. Mwezi wa tisa ikawa Ntoyo, watu wakiwa katika matanga, zaidi ya 60. Kundi la ADF ndilo linalotajwa katika mauaji haya yote. Tunawalilia. Wengi wao hawakupata hata nafasi ya kuulizwa neno. Hukumu ya kila moyo tunamwachia Mungu, lakini waliokufa wakisali hatuogopi kuwahesabu pamoja na zile roho ambazo Yohana aliziona chini ya madhabahu.

Lakini angalieni jambo moja. Roho zile zinamlilia Bwana atoe hukumu. Hazikuagizwa kushuka kuifanya. Ziliambiwa zipumzike na kungoja. Anayechukua damu ya Kasanga na kuigeuza kuwa neno dhidi ya jirani yake Mwislamu hapa Kasongo anafanya kazi ya wauaji bila kulipwa.

Tuwaambie vijana na jambo ambalo simu zao haziwaletei. Tarehe 1 mwezi wa tano 2021, Sheikh Ali Amini, kiongozi wa Waislamu wa Beni aliyekuwa akiwapinga hadharani ADF, alipigwa risasi msikitini wakati wa sala ya jioni. Siku chache baadaye sheikh mwingine aliuawa Mavivi. Waliokufa kwa kusema ukweli juu ya wauaji hao hawakuwa Wakristo peke yao.

Kasongo ina historia yake. Ilikuwa mji wa Tippu Tip na biashara ya watumwa. Mwaka 1893 ilitekwa na jeshi la Dhanis, na tangu hapo dini ikachanganywa na utawala. Jeraha hilo ni la zamani. Hata hivyo watu wetu walijifunza kukaa pamoja. Mashemasi wetu wanaitwa Ramazani na Asumani. Mjomba anakwenda msikitini, mpwa anakuja kwetu, na msiba ukitokea wanakaa mkeka mmoja. Amani hiyo haikuletwa na mkutano wowote wa Kinshasa. Ni mali ya mababu, na inaweza kuharibika kwa mahubiri ya jumapili moja.

Kuna jambo gumu zaidi, nasi tunalisema kwa upendo. Waliofanya mauaji ya 1964 hawakutoka ngambo. Wengi walikuwa vijana wa vijiji vyetu. Watoto wao na wajukuu wao wako katika viti vya makanisa yetu, wengine wanaimba kwaya pamoja na wajukuu wa waliouawa. Tukisoma majina ya wafu bila hekima, tutawafungulia watu hao kesi ambayo si yao.

Tufanye nini?

Tunapendekeza kila kanisa la kusini ya Maniema lifungue daftari moja mwaka huu. Vijana wawili wenye mwandiko mzuri waende kwa wazee. Waandike jina la aliyeuawa, mahali, mwaka, kazi yake katika kanisa, na jambo ambalo watu wanakumbuka alilisema au kulifanya. Habari isiandikwe mpaka ithibitishwe na mashahidi wawili, kama Torati inavyoagiza. Jina la muuaji lisisomwe kanisani. Kama familia inataka haki, tuisindikize mahakamani. Pale ambapo wenye silaha bado wanatembea, daftari likae mahali salama na lisipigwe picha za kusambazwa.

Wale waliouawa na vita tu, njiani au shambani, nao waandikwe kwa heshima, hata kama hatuwaiti mashahidi wa imani. Mungu aliwajua kwa majina. Na jumapili moja kwa mwaka, mwishoni mwa mwezi wa kumi na moja, majina yasomwe. Tuwaalike Wakatoliki. Tuwaalike wazee wa Kiislamu wakae mbele, kwa maana nao wana wafu wa miaka ile.

Halafu, baada ya majina, tusali kwa ajili ya wale waliowaua na kwa ajili ya nyumba zao. Tukishindwa sala hiyo, tutakuwa tumehifadhi majina ya mashahidi na kuupoteza ushahidi wao. Bwana atusaidie kuanza kabla mzee mwingine hajaondoka.