Mshauri wa Hisa na Mfuko Wake

Ewe kijana msomaji, siku moja utakuwa na fedha yako mwenyewe, na siku hiyo hutakosa mtu wa kukuambia uiweke wapi. Huenda akawa mwandishi wa habari za fedha, jina lake limepigwa chapa kwa herufi nene, naye asema: nunua hisa za kampuni hii, uza za ile. Kabla ya kumtii, muulize maswali mawili. La kwanza, utabiri wako wa jana ulizaa nini? La pili, ukiisha kuweka kalamu chini, wewe mwenyewe wafanya nini na hisa hizo?

Swali la kwanza aliliuliza Mmarekani mmoja, Alfred Cowles, mwaka wa 1933. Alichambua maandishi ya William Peter Hamilton, mhariri wa gazeti la Wall Street Journal, aliyetabiri mwendo wa soko la hisa tangu mwisho wa 1903 hadi 1929. Hamilton alibadili shauri lake mara 90: mara 45 alipatia, na mara 45 alikosea. Mtoto arushaye sarafu angaliweza kupata kadiri hiyo. Aliyemfuata angalipata faida ya asilimia 12 kwa mwaka. Aliyenunua hisa na kutulia nazo angalipata asilimia 15.5. Simwiti Hamilton mlaghai. Nasema tu kwamba heshima ya mtu haimpi macho ya kuona kesho.

Swali la pili ni zito zaidi. Katika gazeti lilo hilo alikuwako Foster Winans, ambaye makala yake yaliweza kupandisha au kushusha bei ya hisa siku yalipotoka. Tangu Oktoba 1983 alimnong'oneza dalali mmoja wa hisa atakayoyaandika kabla hayajachapwa. Dalali alitangulia kununua au kuuza. Wasomaji waliposoma na kukimbilia soko, yeye alivuna. Kwa muda wa miezi minne hivi, faida ilikaribia dola 690,000. Winans na mwenziwe waliyekaa pamoja walipata kama dola 31,000. Mwaka wa 1985 alihukumiwa kifungo cha miezi 18, na mwaka wa 1987 Mahakama ya Juu ya Marekani ikathibitisha hatia yake.

Angalia sana jambo hili: makala yake hayakugeuzwa kuwa uongo. Msomaji asingaliona doa hata kama angaliyasoma mara kumi. Uovu ulikuwa nje ya ukurasa, katika maisha ya mwandishi baada ya kazi.

Wako wasemao kuwa maisha ya mtu nje ya kazi hayatuhusu. Wamesema nusu ya kweli. Chakula alacho, mtu ampendaye, mchezo auchezao Jumapili, hayo ni yake. Lakini mfuko wake ukiuvizia mfuko wako, maisha yake yameingia kazini kwa mlango wa nyuma. Hakimu hahukumu kesi ya nduguye. Mwamuzi wa mpira haweki dau katika mchezo anaoupulizia kipenga. Kwa nini mwandishi wa hisa aachwe bila kuulizwa?

Wengine watauliza: asiye na mshauri atajuaje? Atajua kwa kusoma. Soko la hisa la Nairobi lilianzishwa mwaka wa 1954, na kampuni zilizomo hulazimika kutangaza hesabu zake. Tazama kampuni yauza nini, yadaiwa kiasi gani, na faida yake yatoka wapi. Kazi hiyo ni ya polepole, tena haina shangwe, lakini matunda yake ni akili yako mwenyewe.

Mganga hajigangui. Kama mwandishi angaliijua bei ya kesho, asingalihitaji mshahara wa leo. Basi msome, mpime, umshukuru kwa habari alizokuletea. Lakini usimkabidhi ufunguo wa kasha lako.