Tishu hai za kuchapishwa: Zitapita njia gani kufika Awasse?

Mwezi Agosti 2020, wapiganaji wenye itikadi kali walipouteka mji wa bandari wa Mocímboa da Praia, kaskazini mwa Msumbiji, kituo cha kupozea umeme cha Awasse nacho kiliharibiwa. Wilaya kadhaa za jimbo la Cabo Delgado zilikaa gizani kwa zaidi ya mwaka mmoja. Majeshi ya Msumbiji na Rwanda yaliikomboa Awasse Julai 2021, na umeme ulirejea baadaye. Anayetaka kujua iwapo teknolojia ya kuchapisha tishu hai itawafaa majeruhi wa eneo hilo hana budi kuanza na giza hilo.

Teknolojia yenyewe ni ya kustaajabisha. Daktari huchukua kipande kidogo cha tishu ya mgonjwa, na seli zake hukuzwa maabara kwa wiki kadhaa hadi ziwe nyingi. Kisha huchanganywa na jeli, mara nyingi ya kolajeni, na mchanganyiko huo hupangwa na printa tabaka juu ya tabaka hadi kupata umbo linalotakiwa. Kwa kuwa seli ni za mgonjwa mwenyewe, hatari ya mwili kukikataa kiungo hupungua.

Juni 2022, kampuni ya Marekani ya 3DBio Therapeutics ilitangaza kuwa mwanamke mwenye umri wa miaka 20 aliyezaliwa na kasoro ya sikio amepandikizwa sikio lililochapishwa kwa seli zake za gegedu. Moyo au ini ni habari nyingine. Seli iliyo mbali na mshipa wa damu, hata kwa sehemu ndogo tu ya milimita, hufa kwa kukosa oksijeni, na kuchapisha mtandao wa mishipa midogo kiasi hicho bado kunawashinda watafiti. Ndiyo maana gegedu na ngozi vimetangulia.

Na ngozi ndiyo inayoigusa Cabo Delgado, ambako vijiji vimechomwa moto tangu uasi uanze Oktoba 2017. Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kuwa watu wapatao 180,000 hufa kila mwaka duniani kwa kuungua, wengi wao katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Tiba ya kawaida ni kuchukua ngozi nyembamba kutoka paja la mgonjwa na kuipandikiza palipoungua. Mtu aliyeungua sehemu kubwa ya mwili hubaki bila ngozi nzima ya kutosha, na hapo ndipo ngozi ya kuchapishwa ingeokoa maisha.

Tatizo ni safari. Seli za mgonjwa wa Awasse zingepaswa kwenda maabara ya mbali na kurudi zikiwa hai, katika halijoto inayodhibitiwa, kupitia barabara ya N380 ambayo mara kwa mara imeshambuliwa, na nyakati nyingine magari huruhusiwa kupita kwa misafara ya kijeshi tu. Printa, kwa bei yoyote ile, haiondoi kikwazo hicho.

Kuna hatua za kati zisizohitaji seli kusafiri. Mjini Amman, Jordan, shirika la Madaktari Wasio na Mipaka, MSF, hupima uso wa aliyeungua kwa kamera na kumtengenezea kwa printa barakoa ngumu ya plastiki inayokandamiza kovu lisivimbe; kinachosafiri ni vipimo vya kompyuta. Huko Fortaleza, Brazil, nchi inayozungumza Kireno kama Msumbiji, madaktari wamefunika majeraha ya moto kwa ngozi ya samaki aina ya sato iliyosafishwa na kuuliwa vijidudu. Sato asili yake ni Afrika, na mmoja wa jamaa zake hubeba jina la Msumbiji katika vitabu vya sayansi.

Lakini majeraha yanayohitaji upasuaji bado yanadai chumba safi, mtaalamu wa dawa ya usingizi na umeme usiozimika katikati ya upasuaji. Kwa majeruhi wa Awasse, hospitali ya jimbo ipo Pemba, zaidi ya kilomita 200 kusini, kwa barabara hiyo hiyo.