Takwimu za homa zirudi Bukiriro

SAFU YA EVODIA NTAHONDI

Mama akimleta mtoto mwenye homa kituoni hapa Bukiriro, wilayani Ngara mkoani Kagera, tabibu hupima malaria kwanza. Kipimo kikionyesha hakuna malaria, hapo ndipo ugumu unapoanza. Ni mafua ya kawaida au nimonia? Foleni ni ndefu, na nyumbani kwa mgonjwa ni mbali. Mtoto huandikiwa antibiotiki, kwa sababu tabibu anaogopa mtoto asije akarudishwa amezidiwa. Hofu hiyo naielewa, lakini ndiyo inayotulimbikizia usugu wa dawa.

Wapo watafiti walioishughulikia hofu hiyo humu humu nchini. Taasisi ya Afya Ifakara, taasisi ya utafiti wa magonjwa NIMR ya Mbeya na wenzao wa Uswisi walitengeneza programu ya kishikwambi iitwayo ePOCT+, inayomwongoza tabibu swali kwa swali, tangu dalili hadi dawa. Ilijaribiwa mwaka 2021 hadi 2022 katika vituo 40 vya mikoa ya Mbeya na Morogoro, nusu vikiitumia na nusu vikiendelea na utaratibu wa kawaida. Katika vituo visivyoitumia, watoto wagonjwa 70 kati ya 100 waliandikiwa antibiotiki. Katika vituo vilivyoitumia walikuwa 23. Na wasiopata nafuu baada ya wiki hawakuongezeka; walikuwa karibu 4 kati ya 100 pande zote mbili.

Sijaona hoja ya kuyafungia kabatini matokeo kama hayo. Ninachohofia ni kwamba tutanunua vishikwambi tukadhani tumemaliza. Vituo vile vya majaribio vilipewa pia kifaa cha kidoleni cha kupima oksijeni, kipimo cha wingi wa damu, na kipimo cha protini inayopanda mwili unapopambana na maambukizi makali. Watumishi walifundishwa, wakafuatwa, wakaonyeshwa takwimu za kazi yao wenyewe. Ondoa hayo, kishikwambi kitamuuliza tabibu maswali asiyo na njia ya kuyajibu.

Tena Kagera si Mbeya. Utafiti uliofanyika mwaka 2022 ulithibitisha kuwa Karagwe, kwa jirani zetu, kuna vimelea vya malaria vinavyochelewa kutoweka mgonjwa anapotumia dawa zenye artemisinini. Dawa mseto bado inaponya, ila onyo limeshatolewa. Machi 2023 virusi vya Marburg vilizuka Bukoba Vijijini, na Januari 2025 vikazuka Biharamulo, ambako wagonjwa wote 10 waliohesabiwa, waliothibitishwa na waliodhaniwa kwa uwezekano mkubwa, walifariki. Marburg huanza kwa homa, maumivu ya kichwa na uchovu, dalili ambazo kila tabibu wa Ngara huziona kila siku. Programu itakayoletwa huku lazima ijue kuuliza kuhusu misiba ya karibuni, mapango ya popo na safari za kuvuka mpaka wa Rusumo au Kabanga. Ipimwe kwa wagonjwa wa huku kabla ya kuaminiwa huku.

Takwimu za kuipimia tunazo. Kila mwezi vituo hujumlisha vitabu vya MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya, na kupeleka taarifa wilayani. Muuguzi anayekesha akiandika safu kwa safu mara chache huambiwa takwimu hizo zilionyesha nini: kijiji gani homa imepanda, dawa ipi inaandikwa kupita kiasi. Mbeya na Morogoro wahudumu walirudishiwa takwimu zao, na mhudumu akirudishiwa takwimu zake ana kitu cha kurekebishia kazi yake. Kurudisha takwimu hakuhitaji kusubiri kishikwambi. Mganga mkuu wa wilaya anaweza kuanza kwenye kikao kijacho cha waganga wafawidhi.

Naomba Wizara ya Afya na TAMISEMI zilete Kagera hatua inayofuata ya kazi ya ePOCT+, na Ngara na Biharamulo ziwemo. Na madiwani wetu, bajeti ikija mezani, ulizeni fedha za vipimo na za kuwafuatilia watumishi ziko kifungu gani, maana mfadhili akishaondoka kifungu hicho ndicho kitakachobaki.