Nyumba ya Shela na kadi nisiyo nayo

Likizo hii tulipanga familia tatu kutoka hapa Kakamega tuwapeleke watoto Lamu wakaione bahari. Kijijini Shela kuna nyumba nzima za kukodi, za mawe ya matumbawe, juu makuti, na mara nyingi mpishi yumo kwenye bei. Mkichangishana si ghali sana.

Nikapata moja kwenye tovuti. Bei kwa yuro, malipo kwa kadi tu. Nikauliza kwa barua pepe kama wanapokea M-Pesa. Jibu: ongea na benki yako. Jamani! M-Pesa imekuwepo Kenya tangu 2007. Mwaka 2017 Safaricom ikatufungulia Daraja sisi waandika programu: tovuti inatuma ombi, simu ya mgeni inadai namba ya siri, pesa imeingia. Ni kazi ya siku chache, hata kwa mvivu kama mimi.

Kwa hiyo msiniambie ni teknolojia. Aliyeijenga tovuti ile alimuona Mkenya kama mpishi au nahodha, hakumuona kama mgeni. Ila 2020, ndege za Ulaya ziliposimama, wenye hoteli walitukumbuka haraka.

Pesa yetu bado iko kwenye simu.