Pande Tatu Si Anasa

Kuna kauli inayonikera kila nikiisikia kwenye semina: "Hospitali zetu zianze kwanza na altrasaundi ya kawaida, ya pande tatu ni anasa." Wanaoitoa ni watu wema, tena wasomi, lakini wameligeuza jambo kichwa chini.

Naelewa kosa lilikoanzia. Pande tatu tuliuziwa kama picha ya sura ya mtoto, ya kutumiana kwenye simu kabla hajazaliwa. Ukiijua hivyo tu, utaiita anasa.

Hebu tazama picha bapa inavyopatikana. Mpimaji hushika proba, kile kishikio kinachopitishwa tumboni juu ya jeli, akaitafuta pembe sahihi. Akiikosa, hakuna daktari wa mbali atakayeiona baadaye, kwa kuwa haikupigwa. Picha hiyo inategemea mkono uliofundishwa kwa muda mrefu, na mkono huo ndio adimu kwenye zahanati. Kwa pande tatu, mkunga hupitisha proba, mashine ikahifadhi eneo zima lililopitiwa, na mtaalamu aliye mji mwingine akalikagua kwa pembe aitakayo. Kwa hiyo anayezihitaji zaidi pande tatu ni yule asiye na mtaalamu jirani.

Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kila mjamzito apimwe altrasaundi mara moja kabla ya wiki 24. Tukisubiri wataalamu watoshe, wajawazito wangapi watapitwa na wiki hizo?

"Na bei?" Haya, tuzungumze bei. Proba yenye vitambuzi 128 kwa 128 ina jumla ya 16,384. Kila kimoja kikidai waya wake, gharama hupaa. Lakini ukiviunganisha kwa safumlalo na safuwima, nyaya hushuka hadi 256. Mwaka 2017 watafiti wa Duke na Stanford, Marekani, walionyesha kwamba chipu ya dola 10 hivi, ya aina inayoiambia simu yako kwamba imegeuzwa, ikifungwa kwenye proba ya kawaida huwezesha picha za pande tatu. Mwaka huohuo Butterfly iQ, proba ya mfukoni yenye vitambuzi vilivyojengwa juu ya chipu badala ya fuwele, ilitangazwa kwa bei isiyofika dola 2,000.

Njia hizi zina dosari. Nyaya zikipungua, picha huingia ukungu. Mkono ukiyumba au mtoto akijigeuza, umbo hupotoka. Dosari hizo hupunguzwa kwa hesabu na programu, na hesabu hazihitaji kiwanda cha mabilioni. Zinahitaji kompyuta, data na wanafunzi.

Ndiyo maana siwaelewi wanaotushauri, sisi wa uzamili, tuandike tasnifu za kutathmini mashine zilizokwisha kuagizwa. Aliyetengeneza mashine hizo hakumfikiria mkunga aliye peke yake zamu ya usiku. Sisi tunamjua. Tumtengenezee.