Kuku wa Mtoto Asiingie Chunguni

Kuanzia katikati ya Desemba, mabasi ya usiku kutoka Nairobi huingia Migori alfajiri yakiwa yamelemewa. Nauli imepanda, barabara ya Narok na Kisii imewachosha abiria, na kila anayeshuka stendi ana mzigo mkubwa kuliko alivyokusudia. Katikati ya magodoro na mitungi ya mafuta ya kupikia huchungulia zawadi za watoto: magari ya plastiki, bastola za kupiga kelele, wanasesere wenye nywele za rangi ya dhahabu, vyote vimenunuliwa Kamukunji au Nyamakima, Nairobi, kwa haraka ya mtu anayeogopa kufika kwao mikono mitupu. Ifikapo Mwaka Mpya, mengi ya magari hayo hayana magurudumu, na betri za bastola zimehamia kwenye redio ya babu.

Hakuna haja ya kumlaumu aliyebeba. Lakini yafaa aulizwe kwa nini alimletea mtoto kitu ambacho mtoto huyo ndicho asichokikosa. Mvulana wa Suna, huko Migori, mwenye kopo, kipande cha waya na vifuniko vinne vya soda hujiundia gari asubuhi, na likivunjika jioni huliunda upya. Msichana hukunja matambara akapata mtoto wa kubeba mgongoni. Vichezeo vimejaa kila uga. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Toledo, Marekani, walichapisha matokeo ya jaribio walilowafanyia watoto 36 wa umri wa mwaka mmoja na nusu hadi miwili na nusu. Kila mtoto alicheza mara moja akiwa na vichezeo vinne, mara nyingine kumi na sita. Wakiwa na vinne, walidumu na kila kimoja muda mrefu zaidi, tena wakakichezea kwa njia nyingi zaidi.

Kwa hiyo mtu mzima anayerudi nyumbani Desemba angefanya vyema kumpa mtoto kile ambacho mtoto hawezi kujipatia mwenyewe hata akiwa na waya na kopo. Vitu vya namna hiyo vipo, na baadhi ni rahisi kuliko bastola ya betri.

Kwanza iondolewe hila moja ya wazazi. Shule hufunguliwa mapema Januari, mwezi ambao Wakenya wameubatiza Njaanuari, na basi mzazi mjanja hufunga viatu vya Toughees, soksi za kijivu na mkoba kwa karatasi ya kumetameta, akaviita zawadi ya Krismasi. Viatu hivyo ni vizuri na hudumu. Ila ni wajibu. Mtoto wa miaka sita anajua tofauti kati ya alichopewa kwa sababu anapendwa na alichopewa kwa sababu mwalimu mkuu angemrudisha nyumbani. Nguo ya Krismasi ni jambo jingine kabisa, na safu hii haitathubutu kuigusa: hata ikiwa ya mtumba wa soko la Migori, huvaliwa kanisani kwa maringo, humwagikiwa supu, hufuliwa, kisha hungoja Pasaka.

Si kila boma huadhimisha tarehe 25. Wasabato, ambao misheni yao ya kwanza eneo hili ilianza Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka 1906, wengi wao hawaipi siku hiyo uzito wa ibada. Lakini likizo ni ile ile na wageni ni wale wale, na mtoto wa Msabato huitazama mikono ya shangazi anayeshuka bodaboda kama anavyofanya jirani yake Mkatoliki.

Zawadi ya kwanza ya kweli ni safari. Kilomita 46 hivi kaskazini-magharibi mwa mji wa Migori zimesimama kuta za Thimlich Ohinga. Ni mawe makavu yaliyopangwa bila tope wala saruji, na mahali pengi kuta zake hupita kimo cha mtu mzima. Penye urefu zaidi zinafika mita nne na nusu. Wataalamu wanakadiria kwamba zilijengwa karne ya 16. Ndani waliishi watu na mifugo yao, na milango iliachwa mifupi makusudi, ili adui aingiaye alazimike kuinama na kutanguliza kichwa. Mwaka 2018 UNESCO iliziingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia. Watalii wanazijia kutoka mabara mengine. Wakati huo huo, wapo watoto wengi wa Suna Mashariki na Suna Magharibi wanaomaliza shule ya msingi bila kuzitia machoni, kwa sababu tu hakuna mtu mzima aliyewahi kusema, "Kesho twende."

Kumpeleka mtoto huko ni zawadi. Mtoto wa miaka mitano atapita wima pale alipoinamishwa shujaa, na hilo pekee latosha kumchekesha siku nzima. Yatamshangaza mawe ya kusagia nafaka, na zaidi ya yote vishimo vya mchezo wa ajua, yaani bao, vilivyochongwa juu ya mwamba katika boma mojawapo. Ndicho kichezeo pekee ambacho makala haya yanakiunga mkono: kimedumu kizazi baada ya kizazi na hakijawahi kudai betri.

Hapa pana pingamizi, tena zito. Mwaka 2020 Lan Nguyen Chaplin na wenzake, watafiti wa tabia za wanunuzi, walichapisha uchunguzi kuhusu kinachowafurahisha watoto zaidi kati ya vitu na matukio kama safari. Kwa vijana wa miaka 13 kwenda juu, matukio yalishinda. Kwa wadogo, vitu vilishinda. Sababu kubwa ni kumbukumbu: kitu kipo mkononi kila siku, ilhali safari ya juzi kwa mtoto mdogo imeshaanza kufifia. Anayesema watoto wadogo hupendelea matembezi kuliko vitu anasema anachotamani kiwe kweli. Ila watafiti hao hao waliona kwamba mtoto akikumbushwa tukio kwa picha, furaha ya tukio hilo huongezeka.

Dawa basi haiko mbali. Picha ikipigwa kwa simu Thimlich, isiachwe ilale humo hadi simu iibiwe. Studio za picha mjini Migori huchapisha kwa bei isiyofika ya soda chache. Ibandikwe ukutani karibu na anapolala mtoto, kwa kimo chake yeye, si juu karibu na kalenda ya mwanasiasa. Safari nayo itakuwa imegeuka kitu cha kushikika.

Wenye gari wanaweza kufika hadi Bonde la Lambwe, Homa Bay, kwenye Mbuga ya Taifa ya Ruma. Ina ukubwa wa kilomita za mraba 120, na ndimo walimosalia korongo wa Kenya, swala wakubwa wenye masikio marefu ambao hawapatikani porini kwingine nchini. Twiga wapo pia, iwapo korongo watakataa kujionyesha.

Asiye na nauli ana hadithi. Karibu na Kendu Bay kuna ziwa dogo la volkeno, Simbi Nyaima, ambalo masimulizi yanasema lilikuwa kijiji hadi usiku ambapo bikizee mgeni alifukuzwa kwenye sherehe. Mtoto akisimuliwa kisa hicho na nyanya yake usiku wa mvua, kesho yake atahoji kila mgeni anayebisha hodi. Asenath Bole Odaga, aliyefariki mwaka 2014, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuziokoa simulizi za namna hii. Kitabu chake cha ngano, Thu Tinda!, kilitoka mwaka 1980, na baadaye akaanzisha kampuni yake ya uchapishaji Kisumu. Leo mradi wa African Storybook unatoa hadithi za watoto bila malipo kwenye intaneti, zikiwemo za Dholuo na Kiswahili. Mjomba mwenye nusu saa anaweza kuingia saiba yoyote mjini, akachapisha tatu, akazibana kwa stepla na kuandika jina la mtoto kwenye jalada. Asichopaswa kukwepa ni kuzisoma kwa sauti, walau mara ya kwanza.

Zawadi inayofuata haina mvuto wowote kwa mtoto, na ndiyo maana lazima itoke kwa mtu mzima: cheti cha kuzaliwa. Shule hukidai wakati wa kumsajili mwanafunzi, na tangu 2024 ada yake imepanda kutoka shilingi 50 hadi 200. Si pesa ya kumshinda anayetoka Nairobi. Kinachoshinda ni wazazi wawili kukutana mahali pamoja wakiwa na vitambulisho vyao, jambo ambalo kwa familia nyingi hutokea Desemba tu. Mtoto aliyezaliwa nyumbani huanzia kwa naibu wa chifu. Aliyechelewa kusajiliwa ana fomu za ziada na safari za ziada, na miaka haimpunguzii. Ofisi hufungwa sikukuu, lakini kati ya tarehe 27 na Mwaka Mpya huwa kuna siku za kazi ambazo wageni wengi huzimaliza wakiwa wameketi chini ya mwembe.

Katika fungu hilo hilo kuna bima ya afya ya SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mnamo 1 Oktoba 2024. Kwa familia isiyo na mshahara, mchango wa chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka, na watoto huingia chini ya mzazi. Ndugu watatu wakichanga, boma la nyumbani limelipiwa. Tena kwa mtoto mchanga pana zawadi isiyogharimu kitu: kupelekwa kliniki tarehe iliyoandikwa kwenye kijitabu chake. Kenya ilizindulia chanjo ya malaria Ndhiwa, Homa Bay, tarehe 13 Septemba 2019, na Migori ilikuwa miongoni mwa kaunti za majaribio. Dozi huanza akiwa na miezi sita, nazo ni kadhaa, na matanga, harusi na safari za Desemba ni hodari wa kuzisahaulisha.

Sasa kuku.

Mtoto anapomtembelea nyanya yake mzaa mama, kumfungia kuku arudi naye nyumbani ni desturi ya miaka mingi Nyanza, na inastahili kupewa nafasi yake kwenye Krismasi. Mtetea wa kienyeji hutaga mayai kumi hadi kumi na matano, huatamia siku 21, na hata mwewe akichukua fungu lake, mtoto wa gredi ya kwanza huingia muhula wa pili akiwa na hesabu za kweli za kujumlisha na kutoa. Daftari la shilingi chache na penseli viambatane na kuku huyo. Kila yai liandikwe, na kila kifaranga. Wapo waliobadilisha kuku kwa mbuzi, na mbuzi kwa ndama, kabla hawajaota ndevu.

Tatizo la zawadi hii ni watu wazima. Desemba ndio mwezi wa kuchinja. Wageni wanaingia kwa makundi, jogoo wawili wamekwisha tarehe 24, na macho ya mwenye nyumba yanaanza kumfuata mtetea wa mtoto. Huambiwa, "Tutakununulia mwingine." Mwingine haji. Mtoto aliyepokonywa hivyo akiwa na miaka saba hujifunza jambo moja kuhusu mali, kwamba yake ni yake hadi mkubwa apate njaa, na hujifunza vizuri kuliko anavyojifunza jedwali la mbili. Ni afadhali asipewe kuku kabisa.

Kwa hiyo anayetoa atoe hadharani, watu wa boma wakiwa wameketi, amfunge kuku kitambaa mguuni na kutamka kwamba hachinjwi wala hauzwi bila mwenyewe kukubali. Ndugu wakubwa wakimcheka, wacheke. Bei nayo ina busara zake: kuku hupanda bei wiki ya sikukuu, basi aliye na jamaa kijijini atume pesa Novemba.

Kisha kuna kideri. Ugonjwa huo hupukutisha banda zima kwa siku chache, na msimu ambapo kuku wanasafirishwa kwa wingi kutoka soko hadi soko ndio unaousambaza. Chanjo ipo, nyingine ikitengenezwa nchini na taasisi ya serikali ya KEVEVAPI, na hutolewa kwa tone moja jichoni. Shida yake ni kwamba chupa ndogo kwa kawaida ni ya kuku 100, inahitaji ubaridi, na ikishachanganywa haingojei kesho. Mwenye kuku mmoja hawezi kuinunua peke yake kwa akili timamu. Anayetaka kuku wa mtoto achanjwe tarehe 27 aanze kuwaandikisha majirani tarehe 24, awachangishe, aagize chupa kwenye duka la agroveti mapema, na asisahau kubeba thamosi yenye barafu.