Makapi ya Mkonge Yarudi Shambani

Mkonge uliletwa katika nchi yetu mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf. Watu wa Tanga wameizoea korona, yaani mashine ya kukamua majani ya mkonge. Wameyazoea pia malundo ya makapi nyuma yake. Mimi naona mazoea hayo ni hasara.

Hebu tupige hesabu, ndugu msomaji. Ukipeleka korona kilo 100 za majani, utapata kama kilo 4 tu za nyuzi kavu. Zilizobaki zote ni maji na makapi. Nyuzi huuzwa, makapi hutupwa.

Lakini chakula cha udongo kiko wapi? Sehemu kubwa haimo katika nyuzi, imo katika makapi. Mkonge hula sana chokaa na madini mengine ya ardhi. Ukikata majani mwaka baada ya mwaka bila kurudisha kitu, ardhi huchoka. Udongo wa mashamba ya zamani ya Tanga ulipopimwa, ulionekana umezidi uchachu na umepungua rutuba. Halafu tunailaumu mvua!

Leo baadhi ya mashamba hayo yamegawiwa wakulima wadogo. Wamepewa ardhi iliyochoka, na mbolea ya dukani ni ghali. Kwa maoni yangu, mkulima anayepeleka majani korona arudishiwe makapi yake. Iwe haki yake, iandikwe katika mkataba. Lori lililoleta majani lisirudi tupu.

Wapo watakaosema kuwa makapi huunguza mimea. Ni kweli, yakiwa mabichi, kwa sababu ni makali. Basi yalundikwe kwanza pamoja na samadi na nyasi, yageuzwe mara kwa mara, yaoze mpaka yawe meusi na joto liishe. Huko Hale, wilayani Korogwe, katika miaka ya 2000 ulijengwa mtambo wa kutoa gesi katika makapi ili kupata umeme. Hata hapo, kinachobaki baada ya gesi kutoka ni mbolea.

Sisemi kila taka ya kiwanda imwagwe shambani. Taka za viwanda vya ngozi huwa na kromu, na za betri huwa na risasi. Hizo ni sumu. Makapi ya mkonge ni majani tu, nayo yalitoka shambani.

Wanakijiji mnaoishi karibu na korona, mwiteni meneja katika mkutano wa kijiji. Mwulizeni malundo yale ni ya nani, na lori litapatikana lini.